Kanga ya Bibi Juu ya Televisheni

Juzi nilikuwa natandika kitanda katika chumba kimoja cha hoteli yetu huku Al Sadd, Doha. Mgeni katoka kaacha televisheni inaongea peke yake. Nikainua macho, nikamwona mwanamuziki mwenye nywele ndefu, kaketi sakafuni na gitaa lake. Wallahi nilikaa kitako juu ya shuka za watu, na msimamizi angenikuta sina la kujitetea. Mtu yule sikuwa nimemwona tangu utotoni Tanga, bibi yangu yuko hai.

Enzi hizo baba alikuwa dereva wa familia moja huku huku, Umm Salal nje ya Doha, na nyumbani alikuja kila baada ya miaka miwili. Safari moja akaja na deki ya video na kanda moja tu, haina hata jalada, aliyopewa na mtoto wa tajiri wake. Filamu ya majambazi wa London. Kiingereza nyumbani hatukijui, tukamwita mwalimu jirani atufasirie. Alitazama robo saa, akaaga, akasema si filamu ya kutazama na watoto. Bibi akamwambia, "Basi watatazama na mimi."

Ikawa kila Ijumaa, tumeshakula wali na samaki, vyombo vimeoshwa, bibi anakaa juu ya mbuzi pembeni ya televisheni, anakuna nazi ya jioni na kutufasiria. Kiingereza hajui hata neno moja! Jambazi kawakosea wakubwa zake, wanamsaka wamuue, naye kakimbilia kwa huyo mwanamuziki aliyeacha kuimba. Nyumba imejaa vijana wenye shanga shingoni, kutwa wanavuta, moshi mpaka darini. "Wanafukiza udi," bibi akasema. "Mgeni kaingia." Walipomvisha jambazi joho refu la maua, akafurahi: "Mnaona? Wamemstiri." Na alipopewa gitaa, bibi akatukumbusha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. "Hawa maskini hawana shamba." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Watu wakianza kubusiana, bibi huvua kanga ya begani akaitundika juu ya kioo, sisi tukabaki na sauti. Kusema kweli, filamu ile niliiona nusu, nusu nyingine niliona maua ya kanga.

Lakini kanga ya mwisho ilinishinda kuielewa, maana hapo hakuna aliyebusiana na mtu. Gari limesimama nje, jambazi anavaa koti lake, bibi huyo, kanga! Tunasikia hatua, kisha mlio mmoja mkubwa. "Bibi, nini hicho?" "Mlango wa gari. Wanamrudisha kwao. Wamemfungia na mkate wa kumimina, ale njiani." Kisha anazima deki, anajifuta macho kwa pindo la kanga, na nazi ya jioni anamwachia mama akune. Nilijiuliza sana, mtu anarudi kwao salama, bibi analia nini?

Bibi alifariki baba akiwa huku. Baba alifika Tanga siku ya tatu baada ya maziko.

Sasa huku niko mimi. Mwanangu wa miaka saba yuko Tanga kwa mama, na likizo yangu imesogezwa mara tatu. Mwenzangu ninayekaa naye Al Thumama, nesi wa Kenya, ndiye aliyeitafuta filamu ile mpaka akaipata, Ijumaa tukaketi kuitazama kwenye kompyuta yake.

"Kwani hujawahi ona mwisho? Miaka yote hiyo?"

"Mwisho naujua. Anarudi kwao."

Akaniangalia. "Haya, wacha tuone."

Gari likasimama nje. Jambazi akavaa koti. Na simu yangu ikaita, mwanangu huyo, uso umejaa kioo kizima. Kila Ijumaa hupiga na swali lake lile lile.

"Mama, likizo wamekupa?"

Kabla sijamjibu, mlio ukalia. Nikamwona mgeni wetu anaanguka ngazini, na gari likaondoka bila yeye. Jamani, nililia. Nililia kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa ndugu yake. Hapo ndipo nilipomwelewa bibi: alikuwa na mwana katika nyumba ya watu, na hakuwa tayari kutazama mgeni yeyote akifa ugenini.

"Mama, nini hicho?"

Mkono ukaenda begani kutafuta kanga. Nimevaa fulana ya kazini, mwenzenu. Nesi akaufunga mfuniko wa kompyuta taratibu.

"Mlango wa gari, mwanangu. Kuna mtu anarudishwa kwao."

Hadithi ile anaijua, nimemsimulia mara nyingi. "Wamemfungia mkate?"

"Wa kumimina."

"Na wewe watakufungia?"

"Watanifungia," nikasema, nikageuza simu nijifute macho.

Deki ilikufa zamani, kanda ikaota ukungu, na nyumba ya Tanga ina wenyewe wengine. Hayo nimeyazoea. Ila ile kanga ya bibi, sijui walipogawana nguo zake ilimwangukia nani. Ningekuwa nayo ingenifaa sana huku.