Bibi Subiri na Ukurasa Usiongoja

Kazini wanamwita Bibi Subiri. Ni mke wa mwanangu mkubwa, naye ndiye anayeniwekea chai asubuhi tangu mke wangu alipotutoka. Jina hilo alilipata kwa sababu wenzake wakisema kazi imekwisha, yeye hujibu, "Subiri kwanza."

Kazi yake ni kuandaa huduma za serikali zinazopatikana kwenye simu, zikae sawa kabla wakaguzi hawajaja. Wakaguzi hao si wa ofisi yao. Wanatoka nje, hawana rafiki wala shemeji mle ndani. Wakisema huduma haijafaa, haifunguliwi.

"Baba, hao ni kama mama mkwe siku ya kwanza," aliniambia. "Anapekua mpaka chini ya kitanda."

"Mama mkwe wako hakupekua."

"Hakupekua. Alinusa tu."

Tukacheka. Nyumba ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba.

Safari hii huduma yenyewe ilikuwa ya kuandikisha kifo. Aliyefiwa asipange foleni. Akae kwake, aandike kwenye simu, cheti kitoke. Mkuu wake alikwisha kuwaahidi wakubwa kwamba mwezi ujao inafunguliwa. Wazee waliitwa ofisini kuijaribu. Wakapewa jina la marehemu wa kubuni, wakaliandika, wakamaliza upesi. Ofisi nzima ikapiga makofi.

Bibi Subiri akasema, "Subiri kwanza." Wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Jioni ile akaniwekea simu mezani.

"Andika jina lolote, Baba. Hii ni ya majaribio, haiendi popote. Ila mimi sisemi neno."

Akakalia mikono yake. Ndiyo kanuni yao: anayetazama hukalia mikono, asije akamwonyesha mtu pa kubonyeza. Mwanangu alipita na sahani, akamwona.

"Leo mke wangu kafungwa pingu! Vyombo ataosha nani?"

"Wewe," akamjibu, mikono palepale.

Simu ikauliza jina la marehemu. Hilo "jina lolote" sikulijua. Nikaandika la mke wangu, herufi moja moja, maana shule sikwenda, kusoma alinifundisha yeye. Nilipomaliza nikalitazama. Nikainuka, nikaenda kunywa maji. Niliporudi jina halipo. Pameandikwa: Muda umekwisha. Anza upya.

Nikaanza upya. Simu ikauliza siku aliyofariki. Nikakaa. Likafutika tena.

"Linaondoka, mwanangu," nilisema. "Kila nikisita, linaondoka."

Bibi Subiri bado kaikalia mikono, machozi yanamdondoka mpaka kidevuni.

Baadaye alinieleza. Ukurasa waliufanya ujifunge haraka ili mtu mwingine asione siri za mwenye simu. Na wale wazee hawakusimama popote, kwa sababu marehemu waliyepewa hakuwa wa mtu. Wa kubuni nani amlilie?

Asubuhi alimpigia mkuu wake akiwa jikoni. Sauti ya yule bwana ilinifikia mezani.

"Hilo la ukurasa, nyamaza nalo. Wakaguzi hawataliona. Tukikwama leo, tutaulizwa mimi na wewe."

"Mkuu, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Basi utalibeba mwenyewe."

"Nitalibeba."

Akalibeba. Alipokaa mbele ya wakaguzi, alianza na hilo kabla hawajauliza kitu. Wakamsikiliza, wakasema: bado haijafaa, rekebisheni, mtuite.

Alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa chini hapohapo.

"Tumeanguka, Baba."

"Umeumia?"

"Kidogo."

Siku hiyo chai nilimwekea mimi.

Mkuu alimnunia wiki kadhaa. Yeye na wenzake wakaubadilisha ukurasa. Sasa ukijifunga, ulichoandika kinabaki; ukirudi unaulizwa neno lako la siri, basi. Kisha wakawaita watu waliofiwa kweli, waliokubali wenyewe, wakawaacha wakae wanavyotaka. Mmoja alilala kwenye kiti. Hakuna aliyemwamsha; mikono ilikuwa imekaliwa. Wakaguzi wakaja tena, wakasema inafaa.

Juzi huduma ilifunguliwa. Akaniletea simu, ya kweli sasa, akakaa mbele yangu, akaikalia mikono.

"Leo si majaribio," nilimwambia. "Itoe mikono."

Akacheka, akaiweka mezani karibu na yangu.

Nikaandika jina. Nikatoka uani, nikamwagilia maua ya marehemu, yote, hata yale ya pembeni aliyoyasahau kila mtu. Sikuharakisha. Niliporudi ukurasa ulikuwa umejifunga. Nikaandika neno la siri.

Jina lake lilikuwepo, palepale nilipoliacha.

Nikakaa. Nikajaza siku aliyofariki.