Mtani Aliyelala Langoni

Nilitaka gari lile liuzwe kuliko hata mwenye gari alivyotaka. Nalisema wazi kwa sababu wapo ndugu zangu wanaodai leo kwamba wao ndio waliolichukia tangu mwanzo. Waongo wakubwa. Kila Ijumaa baada ya swala walikuwa wanakuja kupiga nalo picha. Mimi ndiye nilikuwa silipendi, na ungeniuliza sababu nisingekuwa nayo. Nilikuwa nakanda unga wangu pale barazani, nikiinua macho nalikuta limenikodolea zile taa zake mbili za duara, moyo unaniingia baridi. Kaka nilikuwa naye mmoja tu, tumepokezana ziwa, na kutwa nzima alikuwa chini ya gari lile, miguu tu ndiyo inaonekana.

Ilikuwa landrova ya zamani ya jeshi. Kaka aliitoa kijijini Goweko, nyuma ya ghala bovu la tumbaku, kuku wakiwa wametagia kwenye injini. Wenyewe walimwachia karibu na bure, tena wakamsaidia kuikokota mpaka barabarani, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu mashaka. Mlango wa dereva ulikuwa na matundu. Kaka alisema ni kutu. Jirani yetu mmoja, mwanamgambo wa zamani, akayatia kidole na kusema kutu haitoboi duara namna ile, kisha akaenda zake. Gari lilitumika wapi, lilimbeba nani, hakuna aliyejua.

Basi kaka akaliweka uani kwa marehemu baba, pale Ng'ambo, Tabora mjini, likawa ndiyo maisha yake. Turubai jipya akashona, viti akavipiga msasa, tairi la akiba akalilaza juu ya boneti kama lilivyokuwa zamani. Injini ilipowaka mara ya kwanza, wifi yangu, mkewe, alipiga vigelegele. Mimi nilimwaga chai.

Hapo sasa nimtaje mtani wetu, maana bila yeye haya hayasimuliki. Alikuwa Mzaramo, fundi wa kuchomelea, aliyepanda treni ujanani kuja Tabora kutembea akaoa hapahapa na kuzeekea hapahapa. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu wakishusha pembe pwani kwa miguu, na utani huo una sheria zake. Mtani atakutukana, atakula chakula chako bila kukaribishwa, atakuja kwenye harusi yako au msiba wako alale njiani, na hutakiwi kununa. Ukitaka apishe, umpe chochote, hata kipande cha muhogo. Ukishampa, hana budi kunyanyuka. Hapo hapana mjadala.

Kila asubuhi alikuwa anafika kwenye baraza langu, anachukua chapati ya juu kabisa, iliyo moto, na kunisalimia, "Mwangaluka, mke wangu mdogo." Namjibu aondoe sura yake ya nazi mbele ya wateja wangu. Ndivyo tulivyoishi, na tulipendana.

Siku kaka alipomwita amchomelee chasisi, pale mbele panapobeba mtambo wa sukani, Mzaramo alilala chini ya gari akagonga chuma kwa nyundo yake ndogo. Nilisikia mlio kutoka barazani. Chuma kizima kinalia. Kile kilijibu mlio mfu, kama kugonga boga. Akagonga tena, akatoka chini amejaa vumbi la kutu kwenye nyusi, akasema kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima kwamba yeye hachomelei uji, na kwamba Wanyamwezi wamezoea kubeba mizigo vichwani ndiyo maana hawajui gari linabebwa na nini. La kuvunda halina ubani, alisema. Gari hili litakuzika, wewe mpagazi.

Tulicheka mno. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia achomelee, la sivyo atamrudisha pwani kwa miguu na furushi la chumvi kichwani. Mzaramo akatikisa kichwa, akavaa miwani yake myeusi, akapiga kiraka. Alipomaliza hakuja kunywa chai. Nililiona hilo, nikadhani amechoka.

Mnunuzi alitokea Ipole, mzee wa makamo mwenye mizinga ya nyuki ndani kabisa ya pori, kule ambako magari ya siku hizi yanalia machozi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa upole, akalizunguka gari polepole kama mtu anayenunua ng'ombe. Kaka hakumsifia hata kidogo. Kizuri chajiuza, aliniambia pembeni, akikonyeza. Na kweli lilijiuza. Kitu kimoja tu mzee hakukitaka, nacho ni rangi. Kaka alikuwa amelipaka kijani kilekile cha jeshi, na mzee akasema yeye ni raia, hataki kusimamishwa kila kizuizi aulizwe amelitoa kambi gani. Walipatana kaka alipake rangi nyingine, halafu alipeleke mwenyewe mpaka Ipole likiwa na mzigo, mzee aone linavyopanda na kushuka, na huko ndiko biashara ifungwe.

Kaka akalipaka jeupe. Juu, chini, mpaka uvunguni, mpaka kwenye kile kiraka, usiweze tena kujua chuma kinaanzia wapi na uji unaishia wapi. Mzaramo alipoingia na kuliona akasimama. "Mmelivisha sanda," alisema. Kaka akamjibu kwamba sanda ya Mzaramo itakuwa fupi kwa kuwa ana kitambi. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka sana siku ile. Nilimtazama Mzaramo usoni nikitafuta kile kicheko chake kinachoanzia kwenye masikio, sikukiona, ila na mimi ni nani wa kumhoji mtani? Ukimwuliza mtani kama anasema kweli umeshavunja utani. Atakujibu upuuzi na watu watakucheka wewe.

Asubuhi ya safari anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu. Mapipa ya asali matupu yalipakiwa nyuma, na juu yake magunia ya mahindi ya mzee, kila kitu kimefungwa kwa kamba. Mzee akakaa upande wa abiria. Wifi alikuwa amembeba mtoto wao, anampungia kaka kwa mkono wa mtoto. Mimi nilikuwa na kikaango mbele yangu. Nilikuwa najiambia, likivuka lile lango leo, basi, tumepona, halitarudi.

Kaka akawasha, akasogea mpaka langoni. Mzaramo akaja mbio kutoka barabarani, akalala chali mbele ya magurudumu.

Mtaa mzima ulitoka. Ndio utani huo, tena mkubwa, wa harusi! Watu walipiga makofi, akina mama wakamwimbia Mzaramo ameshindwa kulipa nauli. Yeye alilala tu, mikono kifuani, macho juu. Kaka akapiga honi. Akashuka, akamtekenya kwa ncha ya kiatu. Mzaramo akasema, "Silipwi leo. Mimi sinyanyuki, na hili gari haliendi." Watu wakazidi kucheka, kwa sababu kila mtani husema hivyo kupandisha dau. Kaka akaja barazani kwangu, akachukua chapati moja motomoto kutoka kikaangoni kwa vidole vitupu, anaruka kwa joto, akaenda akampachika Mzaramo kwenye mfuko wa shati.

"Umelipwa," alimwambia. "Nyanyuka, Mzaramo."

Naye akanyanyuka. Alikaa kwanza, akatutazama sisi sote mmoja mmoja, kisha akasimama, akajipangusa na kupisha. Kaka alipanda, akanipigia saluti ya kijeshi kupitia dirishani, mshenzi yule, akaondoka. Nilimwita Mzaramo aje anywe chai. Hakunisikia, au hakutaka.

Habari zilifika kabla ya adhuhuri, kwa simu ya mtu tusiyemjua. Mzee wa asali ndiye aliyetusimulia baadaye, mkono wake ukiwa kwenye bandeji. Walikuwa wameshaipita Sikonge, barabara nzuri, lami, hakuna gari mbele wala nyuma. Kaka alikuwa anaimba. Kukasikika mlio mmoja chini, mkavu, kisha sukani ikawa inazunguka tupu mikononi mwake, haishiki chochote. Mzee anasema kaka aliitazama ile sukani, akacheka kidogo, akasema, "Huyu Mzaramo huyu." Halafu wakaacha barabara. Mzee alirushwa kwenye majani. Mapipa na magunia yalikuja mbele kwa kaka.

Walimleta jioni ileile. Sitaki kusimulia alivyokuwa.

Kesho yake, saa ya kutoa jeneza, watu walijaa mpaka barabarani. Mimi na wifi tulikaa na wanawake kwenye ukumbi, karibu na mlango, ninaona uani kote mpaka langoni, na mahali gari lilipokuwa likisimama pamebaki madoa ya oili na matone meupe ya rangi. Wanaume wakainua, wakaanza tahalili, wakapiga hatua. Pale langoni wakasimama.

Mzaramo alikuwa amelala chali palepale, mikono kifuani.

Ni haki yake, kila mtu alijua. Msiba wa Mnyamwezi bila mtani kuzuia njia una upungufu. Watu wakafarijika hata, nikasikia vicheko vidogo vyenye machozi ndani yake, mmoja akasema huyu naye haachi. Mjomba akatoa noti akamwekea kifuani. Mwingine akatoa kofia yake. Bibi mmoja akamrushia kanga. Mzaramo hakugusa chochote. Wabebaji walianza kubadilishana mabega. Sheikh akamwambia kwa upole kwamba maiti haicheleweshwi.

Hapo akaingiza mkono mfukoni mwa shati, shati lilelile, akatoa chapati. Ilikuwa imekauka, imekunjamana, haijamegwa hata pembe. Akaiweka chini kando yake, juu ya vumbi.

"Jana mlinilipa nikanyanyuka," alisema. "Leo msinilipe."

Hakuna aliyecheka. Nikasimama, na wanawake wakanishika nguo wakidhani nimepandwa na uchungu wa kutaka kulifuata jeneza, nikawaponyoka, nikavuka ua mbele ya wanaume wote na sheikh na jeneza la kaka yangu, nikainama nikampa Mzaramo mkono mtupu. Aliutazama. Nilikuwa nimekanda unga asubuhi ile kwa mazoea tu, nao ulikuwa umenigandia kwenye kucha.

Akaushika, nikamvuta, akanyanyuka.