Spès wa Dzaleka na kadi iliyoungua mara tatu

Saa nne asubuhi, Spès Hatungimana amelala kifudifudi juu ya katoni, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya mashine ya kufungasha unga wa uji. Nyuma yake wamesimama wafanyakazi kumi na wanne. Aproni zao ni safi mno, kwa sababu mashine haijafanya kazi kwa wiki tatu.

"Usukume ule mkono wa mashine, pang'ono pang'ono, mayi," anamwambia mwendesha mashine, Tiyamike, akichanganya Kichewa na Kiswahili chake.

Tiyamike anasukuma taratibu. Mkono unapofika mwisho wa njia yake, mita ya Spès ya kupimia umeme inalia mara moja, kisha inanyamaza.

"Rudisha, kisha sukuma tena."

Inalia tena. Spès anacheka peke yake chini ya mashine.

Kiwanda hiki kidogo kiko pembeni mwa Area 47, jijini Lilongwe. Spès, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, anaishi zaidi ya kilomita arobaini kutoka hapa, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alifika huko mwaka 1994 na binti zake wawili, akitokea Bujumbura, ambako kwa miaka sita alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo.

Kambini anatengeneza redio. Chuma chake cha kulehemu anakipasha moto juu ya makaa.

Habari za mashine hii alizipata kwa Sumaili, mfanyabiashara kutoka Kindu, Zaire, ambaye hununua unga hapa na kwenda kuuuza kambini. "Nilibaambia kama kwetu kuko mama moja anajua umeme," anasema Sumaili. "Bakacheka. Nikangojea bamalize kucheka, nikarudilia."

Meneja wa kiwanda, Bambo Mbewe, anakiri kuwa naye alicheka. Spès anaikumbuka vizuri asubuhi ya jana walipokutana. "Aliniuliza, fundi iko wapi? Nikamuambia, njo mimi."

Kilichoharibika ni kadi ya umeme inayoendesha mota ya servo, mota inayovuta plastiki kwa kipimo kamili na kusimama papo hapo kisu kikate. Kadi hiyo ililipuka. Mafundi wa awali walibadilisha transista zake mara tatu, na mara zote tatu zikaungua ndani ya saa moja. Zimebaki transista za kutosha mara moja tu. Zikiungua tena, wafanyakazi watakaa nyumbani hadi nyingine zifike kutoka Johannesburg. Na karatasi ya ruhusa ya Spès ya kutoka kambini ni ya siku mbili. Leo ni ya pili.

Jana aliitumia yote kwenye kadi. Alizitoa transista zilizokufa, akapima vipande vidogo vinavyozipa amri, akakuta viwili navyo vimekufa, akabadilisha. Bambo Mbewe alitaka kadi irudishwe jioni ileile. Spès alikataa.

"Transista haikufake bure," anasema. "Kuko kitu kinaiua. Ukiweka ingine bila kukitafuta, unakipa tu chakula."

Sasa amekipata. Anafungua kifuniko na kuuvuta waya wa mota. Mahali unapopinda, ganda limesuguliwa na ukingo wa chuma mpaka shaba inaonekana. Mashine ikisimama, waya haugusi kitu. Mkono ukifika mwisho, shaba inagusa chuma na kadi inaungua.

Tiyamike anainama kuangalia. "Miaka tisa ninafanya kazi na mashine hii," anasema polepole. "Huo waya sikuwahi kuuona."

Spès anaweka waya mpya, anaupitisha mbali na ule ukingo, analehemu zile transista za mwisho kwenye kadi, kisha anairudisha. Hawashi moja kwa moja. Kwanza anaunga balbu ya wati mia kwenye njia ya umeme unaoingia. Kama kadi bado ni mbovu, balbu itawaka kwa nguvu na kuziokoa transista.

Anabonyeza swichi. Balbu inawaka. Bambo Mbewe anafumba macho.

Kisha balbu inafifia, unabaki wekundu mdogo tu.

"Iko muzima," anasema Spès.

Balbu inaondolewa. Mashine inavuta plastiki, inasimama, inakata. Pakiti ya kwanza inaanguka, ya pili, ya kumi. Wanawake wanapiga vigelegele. Saa moja inapita, kisha ya pili, na kadi bado ni baridi. Bambo Mbewe anamshika Spès mikono yote miwili. "Zikomo kwambiri, mayi. Zikomo."

Juu ya ujira wake, Spès anaomba kitu kimoja: sanduku la kadi mbovu lililokuwa likioza stoo. Anapewa, na Sumaili analibeba hadi kituo cha basi.

Kadi hizo ni za kufundishia. Jumatatu anaanza darasa la ufundi Dzaleka, katika nusu ya kibanda ambayo Sumaili amemwachia. Wamejiandikisha wanawake saba, Warundi na Wazaire, na mwaka ujao anatumaini kufungua karakana pamoja nao.

"Bote ni bamama," anasema, akipanda basi. "Sumaili naye aliomba kusoma. Nikamuambia sawa, lakini alete kiti yake."