Kisima Nilichokichimba kwa Taipu

Mimi, Kanze, niliwahi kuchimba kisima kwa mashine ya taipu. Nilitumia dakika nne na wala sikutoka jasho.

Msicheke, nawaeleza.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, mwaka wa vyama vingi. Nilikuwa na kijichumba Makadara, juu ya mkahawa wa mbaazi na mahamri, nikipigia watu barua. Mteja wangu mkubwa alikuwa mbunge wa kwetu mashambani, Mheshimiwa Morgan Kiti.

Kwao alikuwa haendi. Alikaa hotelini hapa kisiwani, akidai barabara ya kwetu inamuumiza mgongo. Badala yake alituma taarifa kila mwezi, chifu akawasomea watu barazani: Bunge limesema nini, mahindi bei gani, na mbunge wenu amewafanyia nini.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kazi.

"Mwezi huu niandike umefanya nini, Mheshimiwa?"

"Tia maji, Bi Kanze. Watu wangu wanapenda maji."

Nikatia. Kisima kirefu, pampu, akina mama wakipiga vigelegele. Mheshimiwa akatia sahihi na muhuri bila kusoma. Kusoma aliwaachia wapiga kura.

Basi nikajiona fundi. Miezi mitatu mfululizo nikakipanua kisima changu, hata nikakijengea birika la ng'ombe.

Kisha mama akanijia. Alishuka basi Mwembe Tayari, akaja kwa miguu mpaka kwangu, midomo imempasuka.

"Mama! Kuna nini?"

"Lori la maji la kila Jumatatu limetukatia, mwanangu. Bwana wa lori asema sisi tuna kisima."

"Hamkumwambia hakipo?"

"Tulimwambia. Akatuonyesha barua ya Mheshimiwa, ina muhuri. Sasa kwetu wasema kisima kiko upande wa jirani zetu kina Masha, na kina Masha wasema tumekificha sisi. Hatusalimiani. Mbuzi wamekwisha. Shangazi yako hata kuinuka hawezi."

Nilimpa maji. Akanywa bilauri tatu bila kupumua, nami nikashindwa kumtazama. Aibu ilinishika, wallahi.

"Wewe wajua kuandika," akasema. "Mwandikie Mheshimiwa. Huenda hajui."

Sikumwandikia. Niliandika taarifa ya mwezi, kwa jina lake.

"Ndugu wananchi, niliwadanganya. Kisima hakipo na hakijawahi kuwapo. Sijakanyaga kwenu tangu mnichague. Lori la maji lirudishwe mara moja. Naomba radhi."

Nikampelekea hotelini. Nilimkuta anakula kuku.

"Maji yamo?" akauliza.

"Yamo, Mheshimiwa."

Akapangusa vidole, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Wiki ile ile lori likarudi, na shangazi akainuka. Kuhusu Mheshimiwa, nilijua kwisha habari yake. Kura zilikuwa karibu, na mtu amejianika mwenyewe mbele ya baraza zima.

Siku ya kumi akaniita. Nilikwenda. Nikamkuta na jogoo mkubwa amefungwa miguu, zawadi ya wazee waliokuja kumshukuru.

"Bi Kanze, nani alikutuma uandike vile?"

Nikamtazama jogoo.

"Wazee wamelia hapa, wanasema hawajapata kuona kiongozi mkweli kama mimi." Akaniinamia. "Mwezi ujao niombee radhi ya barabara. Mwezi wa pili yake, ya zahanati."

Nilikataa, akatafuta mpiga taipu mwingine. Radhi zikaendelea kutoka kila mwezi.

Desemba alishinda kwa kura nyingi kuliko alizowahi kuzipata. Jumatatu iliyofuata lori halikuja, wala halikuja tena.

Mama alinieleza kwa fahari jinsi alivyopanga foleni tangu alfajiri kumpigia kura. "Katika wakubwa wote, mwanangu, ni yeye peke yake aliyewahi kuniomba radhi."

Mpaka leo hajui ni nani aliyemwomba.

Ndugu msomaji, nakuusia hili tu: ukweli wako usimwazime mwongo. Atauvaa, utampendeza, na hataurudisha.