Akizembea, Mchape Tu

Mume wangu kazini wanamwita Taratibu. Anapiga pasi mashuka ya hospitali, na hata shuka lililojikunja hajawahi kulifokea. Panya akiingia jikoni, anayeshika ufagio ni mimi. Yeye anafungua mlango ili mgeni apate pa kutokea. Binti yetu alimweka mfukoni tangu angali anatambaa.

Basi mwalimu alipotuita shuleni tumzungumzie binti, Taratibu alipiga pasi hadi soksi. Masomo ya mtoto hayawezi, lugha yenyewe ya huku inamtoa jasho. Alichobaki nacho cha kumsaidia mtoto ni kusimamia adabu yake. Akasimama mbele ya mwalimu, mikono nyuma, akamwambia mkalimani aliyekuwa kwenye simu:

"Mwambie mwalimu, kuanzia leo huyu ni mwanawe. Akizembea, amchape tu. Mimi sitakuja kulalamika."

Kule tulikotoka, mzazi akisema hivyo mwalimu anacheka, mtoto anajifanya kuogopa, mambo yamekwisha. Hapa mkalimani alitafsiri neno kwa neno. Mwalimu hakucheka. Alimtazama binti, akaandika kitu. Nilitamani kumkanyaga mguu huyu mwanamume, lakini alishayasema.

Wiki haijaisha, wakaja wanawake wawili wa ofisi ya ulinzi wa watoto. Wapole kweli, na upole wao ndio ulionikata maini. Walifungua friji, wakatazama kitanda cha binti, wakamkunjia mikono ya sweta kuangalia ngozi. Kisha wakaingia naye chumbani, wakafunga mlango. Taratibu akabaki amesimama katikati ya sebule yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nilimwambia aketi, hakunisikia. Nilikuwa na hasira, hata sijui nimkasirikie nani. Tuliogopa kitu kimoja tu, kwamba wangeondoka naye.

Hawakuondoka naye. Walisema watarudi.

Walipokwisha kushuka ngazi, baba mtu akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Umewaambia nini, mama?"

"Nimewaambia hujawahi kunipiga, baba. Hata siku moja."

"Wakasemaje?"

Binti akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Wakasema nisiogope. Siku nikiwa tayari kusema ukweli, niwaambie."