Maji Yaliyolazwa

Kazini walimwita Pua, naye hakununa, maana jina hilo lilikuwa kama cheo. Wenzake waliochimba udongo kwenye vituo vya mafuta kutafuta petroli iliyovuja walikuwa na mashine ya kupimia gesi, inayolia ikinusa petroli. Lakini kabla haijalia, walikuwa wameshamtazama yeye. Alitia udongo kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akauacha juani kidogo, kisha akaufungua na kunusa. Akikunja uso, basi kazi imekwisha, mashine ilibaki kuitikia tu.

Kituo cha safari hii kilikuwa juu ya mteremko, na chini yake ndipo alipokaa mama yake mdogo, aliyemlea tangu utotoni. Tangi lililofukiwa chini ya pampu lilikuwa limetobolewa na kutu, na mwenye kituo aliapa kwamba mafuta hayajaenda popote. Watu wa namna hii wanachosha. Mafuta hayamo tangini, hayakuuzwa, hayakwenda popote, yalipaa mbinguni?

Walichimba karibu na pampu, Pua akakunja uso. Walichimba kando ya ukuta wa kituo, akakunja tena. Kila waliposhuka mteremko aliomba safari hii anuse udongo mtupu, na kila mara petroli ilikuwa imemtangulia. Shimo la mwisho lilikuwa nyuma ya ua wa mama mdogo.

"Vipi?" msimamizi aliuliza.

"Imefika."

"Basi visima vya huku chini tuvipime leo leo."

"Cha kwanza ni cha kwetu," Pua alisema.

Msimamizi alimpa chupa. Pua aliingia uani akijipa moyo. Maji yale aliyanywa kila Jumapili alipokuja kusalimia. Yangekuwa na kitu, pua yake ingekosaje kujua? Alisahau kwamba mganga hajigangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo si Jumapili, umefukuzwa kazi? Na hizo buti za matope ziishie hapo hapo mlangoni!"

Mama mdogo alimletea glasi ya maji kabla hajaombwa, kama kawaida yake. Pua aliinusa. Hakuna kitu. Alitaka kucheka kwa furaha. Akaiweka mezani, akaenda kisimani kuchota ya kupima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe, kwa sababu mgeni wa Jumapili hachoti maji, huletewa.

Ndoo ilipofika juu, harufu ilimpiga usoni. Ilikuwa ile ile ya kwenye mfuko.

"Mama, maji yananuka!"

"Yakitoka kisimani si lazima yanuke kidogo?" mama mdogo alijibu kutoka mlangoni. "Ndiyo maana tunayalaza. Unayamimina kwenye beseni, unayaacha wazi, asubuhi yametulia. Mtaa mzima tunafanya hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie maji yanalazwa? Hiyo nayo ni habari?"

Pua alijaza chupa hadi mdomoni, akaifunga bila kuacha hata kipovu. Hilo ndilo alilowafundisha wageni wa kazi: maji ya petroli ukiyaacha wazi yatakudanganya, harufu itatoroka na wewe utadhani ni safi. Kumbe Jumapili zote hizo alikuwa akiletewa maji yaliyokwisha kutorokwa na harufu. Chupa ilimponyoka ikaanguka kwenye nyasi.

"Yana nini?" mama mdogo aliuliza, sasa bila utani.

"Petroli. Usiyanywe tena, mama. Na usiyalaze ndani, ile harufu inayotoka ndiyo mnayoivuta."

Mama mdogo aligeuka kulitazama dirisha la chumba cha baba mdogo, aliyezikwa mwaka uliopita baada ya kuishiwa damu, ugonjwa ambao hospitali haikumwambia mtu ulikotoka.

"Maji ya bomba aliyakataa, eti yananuka dawa," alisema polepole. "Beseni nililiweka chumbani kwake, pale kichwani, yawe karibu akisikia kiu. Nililifunika lini? Sikulifunika." Alimgeukia Pua. "Wewe ndiye Pua. Niambie, ni maji?"

Pua alitamani mno kusema hapana. Chupa ile maabara ingeipima. Baba mdogo alikuwa ameshazikwa, hapimiki tena.

"Sijui, mama."

Mama mdogo aliingia ndani. Alirudi amebeba beseni la maji ya jana, safi, yasiyonuka chochote, akasimama nalo katikati ya ua. Akatazama kisima, akatazama udongo chini ya miguu yake.

"Niyamwage wapi, mwanangu?"

Pua alishika upande wa pili wa beseni, wakabaki wamelibeba.