Mayai yangu na lori la mchanga

Jamani, nimekuta mashine ya kutotoleshea iko wazi, mayai hayamo!

Na leo ndiyo yanaanguliwa. Asubuhi yalishaanza kupasuka.

Nikaita, "Mama!"

Nimemkuta nyuma ya mlango, kayafunga kwenye khanga kifuani.

"Lori limekuja," akanong'ona.

Lori lenyewe linamshushia jirani mchanga!

Enzi za vijiji vya ujamaa, lori lilikuja kuwahamisha kina Mama kutoka kwao Uluguru. Kuku wake alikuwa ameatamia. Wakamwambia amwache, apande.

Nikasema, "Mama, hatuhamishwi. Tuyarudishe, vifaranga watakufa kwa baridi."

Ndani ya khanga kifaranga kikalia. Akakikumbatia zaidi.

"Safari hii siwaachi."

Lori bado linanguruma. Nimwambie nini?